Tintin au Congo: ni ya mtoto ao ya baba yake?

Jambo yenu nyote, karibuni tena hapa Lubumbashi. Leo mkononi niko na Tintin au Congo, katuni ya Mbelgiji Hergé juu ya Tintin, kijana mwandishi wa habari. Ni ya mtumba, mgongo umebandikwa utepe, lakini tazameni rangi: bado zinawaka. Jalada gumu, kurasa 62, maandishi ambayo mtoto anayejua Kifaransa kidogo anayafuata bila shida.

Sasa, ni ya huyo mtoto kweli?

Gazeti la Tintin lilijinadi kuwa la vijana wa "miaka 7 hadi 77". Maneno ya biashara hayo. Ila mwaka 2007, kule Uingereza, maduka ya Borders yaliitoa katuni hii kwenye rafu ya watoto na kuipeleka kwa wakubwa. Picha zilezile, hakuna kilichofutwa! Brussels nako Mkongomani mmoja aliishtaki kwa ubaguzi wa rangi. 2012 mahakama ikamkatalia.

Njooni hapa kwenye treni. Gari la Tintin limenasa relini, treni inakuja, inaligonga, na inayopinduka ni treni! Mtoto wa dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, siwafichi. Halafu Tintin anawaamrisha abiria wainyanyue, na mbwa wake, mbwa jamani, anawaita wavivu. Sasa soma hiyo katika mji wetu huu wa reli, ambamo kila mtaa una babu aliyefanya kazi ya treni. Mtoto anaangalia treni iliyolala. Wewe unaangalia nani anatumwa, na nani amesimama anatoa amri.

Hii niliyonayo ni ile ya rangi, ya 1946. Katika toleo la kwanza la kitabu, la 1931, Tintin anaingia darasani na kuwafundisha watoto wetu juu ya "nchi yao", Ubelgiji. Katika hii ya rangi anafundisha hesabu: mbili na mbili. Somo wamelisafisha, ila Kifaransa kilichovunjwavunjwa kwenye vinywa vya Wakongomani kimebaki. Na Hergé mwenyewe hakuwahi kufika huku.

Kama hadithi, ni dhaifu, nasema wazi. Ni uwindaji, hatari, uwindaji tena. Ukitaka Tintin nzuri ya kumpa mtoto, tafuta Le Lotus bleu.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minane, peke yake chumbani, hapana. Wa kumi na miwili, ukiwa umeketi karibu naye na uko tayari kuulizwa, sawa. Wewe mkubwa, nunua. Hadithi hii ilitoka kwanza, kuanzia 1930, katika nyongeza ya watoto ya gazeti la Brussels. Humu utaona mtoto wa Kibelgiji alifundishwa nini juu ya babu yako, tena kwa kuchekeshwa.

Bei? Mwisho ni ya mtumba. Mpya, mimi sitoi pesa.