SHA kwa jicho la mshauri wa wabunge: aliyejisajili si lazima awe amelipa

Bima mpya ya afya ya Kenya, inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inamfaa mwenye mshahara na inamkwaza mama mboga, mwendesha boda boda na mkulima, ambao ndio wengi. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na anayewaandalia wabunge taarifa aiseme mapema. Kasoro haiko kwa karani wa kaunta wala kwa simu ya mwanachama. Imo katika namna mchango wa wasio na mshahara unavyokadiriwa na unavyodaiwa.

Tuanze na panapostahili sifa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na mwajiri huwasilisha makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. NHIF ilikuwa na kikomo: kuanzia mshahara wa 100,000 kwenda juu, kila mtu alilipa 1,700. Sasa wa 20,000 ameshuka kutoka 750 hadi 550, wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375, na wa 500,000 analipa 13,750. Kwa haki baina ya maskini na tajiri, hii ni hatua kubwa.

Kuna hesabu moja ambayo wengi huikosea mbele ya kamati. Kwa mshahara wa 100,000 husemwa kwamba makato yamepanda kwa 1,050, yaani kutoka 1,700 hadi 2,750. Lakini tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa SHIF, yaani mfuko wa bima ulio chini ya SHA, huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, na mtu huyo yuko katika kiwango cha asilimia 30, kwa hiyo PAYE yake, yaani kodi ya mshahara, inapungua kwa 825. Zamani alipata nafuu ya asilimia 15 ya mchango wa NHIF, yaani 255. Mzigo halisi umetoka 1,445 ukafika 1,925. Ongezeko ni 480. Mbunge akisimama na ile 1,050, atasahihishwa na Hazina ya Taifa hadharani.

Mambo mawili bado yanauma upande huu. Mume na mke walioajiriwa hukatwa kila mmoja ingawa ni nyumba moja. Pia mwajiri hachangii chochote chake, tofauti na Tanzania ambako mchango wa asilimia 6 wa mtumishi wa umma katika NHIF yao hugawanywa nusu kwa nusu na mwajiri.

Sasa tuje kwa asiye na mshahara. Kujisajili ni rahisi: *147# kwa simu ya kawaida, au tovuti ya Afya Yangu, kwa kitambulisho, kisha unaongeza wategemezi. Baada ya hapo ndipo penye kazi. Mfumo humuuliza maswali ya tathmini ya uwezo: nyumba ni ya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mko wangapi. Majibu hayo ndiyo yanayotumika kukadiria mapato ya kaya, halafu asilimia 2.75 inatozwa juu ya makadirio hayo. Njia hii ina udhaifu unaojulikana popote inapotumika: inapima vitu, haipimi fedha. Mjane anayeishi katika nyumba ya mawe iliyoachwa na mumewe huonekana ana uwezo. Mfanyabiashara anayepanga chumba cha mabati lakini ana mtaji mkubwa huonekana hana. Kwa hiyo mbunge adai maandishi yanayoeleza mtu hukata rufaa wapi na hujibiwa baada ya siku ngapi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba mchango hudaiwa wa mwaka mzima, kwa mkupuo. Kaya iliyokadiriwa mapato ya 20,000 kwa mwezi inadaiwa 6,600. Chini ya NHIF aliyejiajiri alilipa 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Tofauti ni 600 tu! Kinachomshinda mtu wa kipato cha kila siku ni kuzipata 6,600 siku moja. Tuseme pia sababu ya sharti hilo, kwa kuwa si la kijinga: mtu akiruhusiwa kulipa mwezi mmoja anapougua na kuacha anapopona, mfuko unabaki na wagonjwa peke yao. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole hulipa mchango wa mwaka kwa mkopo, nawe ukarejesha kidogo kidogo. Unasaidia, lakini kamati iulize gharama ya mkopo ni ngapi na bima inakuwaje mtu akikwama katikati. Sisi tungependelea awamu nne kwa mwaka, na kwa wakulima makato kupitia ushirika wakati fedha zipo. Mkulima wa chai, kwa mfano, angekatwa kwenye bonasi ya Oktoba.

Ndiyo maana takwimu ya waliosajiliwa, iliyopita milioni 20 mwaka 2025, haitoshi kumshauri mtu. Omba takwimu tatu kwa kila kaunti: kaya ambazo zimekamilisha tathmini, ambazo zimelipa, na ambazo mchango wake ungali hai leo. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili linaonyesha watu walioona bei wakarudi nyuma.

Upande wa viwango vya malipo kwa hospitali, angalia motisha. Uzazi wa kawaida hulipwa 10,000 na wa upasuaji 30,000, kwa hiyo omba uwiano wa upasuaji kwa kila hospitali. Kitanda katika hospitali ya ngazi ya 4, ile ya kaunti ndogo, ni 3,360 kwa siku. Dawa zikizidi kiasi hicho, hospitali humtuma mgonjwa akanunue nje, na malalamiko humfikia mbunge. Usafishaji wa figo uliongezwa kutoka 9,500 hadi 10,650 kwa kila kipindi, jambo jema, ila kiwango kizuri hakina maana kama madai yanacheleweshwa. Uliza madai yana umri gani: siku 30, 60, 90 na zaidi.

Mfumo wa kidijitali nao usisahauliwe. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti mwaka 2025 kwamba mfumo huo wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Mbunge aulize data za wagonjwa zitakuwa mikononi mwa nani mkataba ukiisha.

Mwisho ni kalenda. SHIF hutegemea michango, lakini Hazina ya Huduma za Msingi za Afya, inayolipia ngazi ya 2 na 3 (zahanati na vituo vya afya), na ile ya dharura na magonjwa sugu hutegemea sana fedha zinazopitishwa na Bunge. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kufikia 15 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili. Hoja ya kuongeza fedha za zahanati iwe mezani kwa kamati Januari, na hesabu zake zikiwa zimekaguliwa na Ofisi ya Bajeti ya Bunge. Ikiletwa Mei, itabidi mbunge ataje wizara itakayopunguziwa fedha.