Semina za Jumatano za TGNP Mabibo: Je, Zinafika Kwenye Bajeti ya Serikali?

Mtandao wa Jinsia Tanzania, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la TGNP, umekuwapo tangu mwaka 1993. Katika huduma zake zote, inayomfaa zaidi mwananchi asiye na kadi ya mwaliko ni Semina za Jinsia na Maendeleo, zinazofanyika siku za Jumatano alasiri katika viwanja vyake Mabibo, Dar es Salaam, jirani na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Hakuna kiingilio wala hakuna anayeulizwa amesoma mpaka wapi. Ninachokipima hapa ni kama mtu anayefunga genge lake mapema na kwenda kukaa pale hadi jioni anatoka na kitu kinachoweza kuigusa sera ya serikali, au anakuwa amekwenda kutoa dukuduku tu.

Kwa maoni yangu anatoka na kitu, na kitu hicho ni namna ya kuuliza. Mshiriki akisimama na kulalamika kwamba mtaani kwake hakuna maji, mwezeshaji hamwachi akae na malalamiko yake yakiwa mabichi. Ataulizwa ni nani katika kaya anayeamka kuyatafuta maji hayo, anaondoka saa ngapi, dumu moja linamgharimu shilingi ngapi, na kwa muda huo ni kazi gani ya kipato inayolala. Baada ya hapo mjadala huhamia kwenye kitabu cha bajeti: fedha za mradi ziko fungu gani, kasma gani (kifungu kidogo cha matumizi ndani ya fungu), zilizoidhinishwa ni kiasi gani na zilizotolewa ni kiasi gani. Kwa waliozoea makongamano ya hotelini, ambako neno jinsia hutajwa kwenye hotuba ya ufunguzi na kusahaulika wakati wa chai, tofauti ni kubwa. Wenyewe wanauita utaratibu huu uraghbishi, yaani watu kulichambua tatizo lao hadi kwenye mzizi na kuamua wenyewe hatua ya kuchukua.

Ukali huo wa kuhoji tarakimu haukuanza jana. Mwaka 1997 TGNP, pamoja na asasi wenzake katika FemAct, umoja wa asasi za wanaharakati wa haki za wanawake, walianza kuichambua bajeti ya taifa kwa jicho la jinsia, wakati ambapo bajeti ilihesabiwa kuwa siri ya wataalamu. Miaka michache baadaye Wizara ya Fedha yenyewe iliwataka wawe washauri, maofisa bajeti wakapewa mafunzo, na mwongozo wa kuandaa bajeti ukaanza kuzielekeza wizara kuzingatia jinsia. Ninaliona hilo kuwa fanikio kubwa kuliko maandamano mengi, kwa sababu mwongozo ni waraka mkavu usiosomwa na mtu nje ya ofisi, lakini ndio unaomwambia ofisa wa wilaya ajaze nini kwenye jedwali.

Hapo ndipo penye sharti la kuitumia huduma hii vizuri, nalo ni kalenda. Mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti hujadiliwa bungeni Novemba. Halmashauri hupitisha makisio yao mwanzoni mwa mwaka. Bunge la bajeti huketi kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Semina ya Juni, washiriki wanapokusanyika kuifuatilia hotuba ya bajeti, ndiyo yenye msisimko zaidi, na kwa mtu anayetaka kubadilisha jambo katika mwaka huo wa fedha, ndiyo iliyochelewa zaidi. Anayetaka faida aende kuanzia Oktoba, kukiwa hakuna kamera, na hoja aliyoinoa pale aifikishe kwenye mkutano wa mtaa na kwa diwani kabla makisio hayajafungwa.

Kuna mifano miwili inayoonyesha faida na mipaka ya ushawishi wa aina hii. Mwaka 2018, baada ya wanaharakati na wabunge wanawake kupaza sauti kwa muda mrefu, serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata kodi ikarudishwa, kwa maelezo kwamba bei haikushuka na walionufaika ni wafanyabiashara. Dai lilikuwa la haki, ila halikuwekewa namna ya kuhakikisha punguzo linamfikia msichana dukani. Mwaka huo huo wa 2018 sheria ilibadilishwa ili halmashauri zibanwe kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi na ikarejeshwa baadaye, lakini asilimia zilizokwisha kuandikwa kwenye sheria zinampa mwanamke wa kikundi cha mtaani pa kusimamia anapodai.

Upungufu wa huduma uko kwenye saa na mahali. Jumatano alasiri ni muda mgumu kwa mama lishe, kwa mfanyakazi wa ndani na kwa yeyote anayelipwa kwa siku, ilhali hao ndio sera inaowataja kila ukurasa. Kwa aliye nje ya Dar es Salaam, Mabibo ni mbali mno. Sehemu ya pengo hilo imezibwa na vituo vya taarifa na maarifa vilivyoanzishwa katika kata mbalimbali nchini. Kile cha Kipunguni, kwa mfano, kimejulikana kwa kupambana na ukeketaji ndani ya jiji la Dar es Salaam lenyewe, jambo ambalo wengi wangeapa kuwa ni la mikoani tu.

Wapo wanaoona kwamba njia ya mahakama ni fupi kuliko semina. Shauri la mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi dhidi ya vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, lilishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja wa kurekebisha sheria. Mwaka huo ulipita bila sheria kuguswa. Hukumu ilipatikana, na bado shinikizo la watu wa kawaida lilihitajika ili muswada ufike bungeni.

Ninaipendekeza semina hii kwa wajumbe wa serikali za mitaa, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, wanafunzi wa sheria na waandishi wa habari wanaoripoti bajeti. Anayetafuta msaada wa kesi ya talaka au mirathi atafute asasi za msaada wa kisheria, kwani hapa hatapata wakili. Wengine waende na daftari, na ikiwezekana wabebe nakala ya makisio ya halmashauri yao.