Unanunua motohomu ya kifahari? Chungulia chini kabla hujafungua friji

Watu wengi wakiingia kwenye motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani, ya bei kubwa wanafungua friji, wanakaa kwenye kochi la ngozi, wanajinyoosha kitandani kidogo afu wanasaini. Mi nasema hivyo vyote unaweza kubadilisha, fundi anakuja anatoa kochi anaweka lingine, ila chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, na bodi ulivyonunua ndo utaishi navyo, na kama gari linayumba kila lori likikupita basi hata kitanda kiwe kizuri vipi utafika mabega yanauma na hamu ya safari imeisha. Kwa hiyo nimezipanga aina tano, bora ikiwa ya kwanza, kwa vitu vitatu tu, saspensheni (springi au maputo yanayobeba gari), linavyoshika barabara, na bodi limejengwaje.

Namba 1: ganda la basi, yaani Prevost na Newell

Hapa sina mjadala kabisa. Prevost ni kampuni ya Quebec, Canada, ipo tangu 1924 na kazi yake ni mabasi ya masafa marefu, ganda lake la H3-45 au X3-45 lina futi 45, kama mita 13.7 hivi, linapelekwa kwa wajenzi kina Marathon na Liberty wanajenga nyumba ndani. Siri yake ni kwamba hakuna chasisi chini na boksi limewekwa juu, ni fremu moja ya chuma kisichoshika kutu (stenlesi) imechomelewa, sakafu, kuta na paa vinabeba mzigo kwa pamoja, ndo maana ukipita kwenye shimo husikii makabati yanalia. Mbele kila tairi ina mkono wake, ya kushoto ikiingia shimoni ya kulia haina habari, na gari zima limekaa juu ya maputo ya hewa.

Afu kuna ile ekseli ya tatu nyuma kabisa, wanaiita tagi. Inabeba uzito, inashikilia mkia upepo ukipiga ubavuni, na kwenye kona finyu dereva anaweza kuipunguzia mzigo gari ligeuke vizuri zaidi. Ukiwa unachagua kati ya hizo mbili, H3 ni ndefu kwenda juu, ina nafasi kubwa ya mizigo chini ila upepo unaiona zaidi, X3 ni fupi kidogo na mi ningechukua hiyo. Newell wao wako Miami, ile ya Oklahoma siyo ya Florida, wanajenga chasisi na bodi wenyewe, kwa hiyo kila kitu kilipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya nyumba siyo kwa ajili ya abiria.

Ubaya upo. Uzito wake unapita tani 20, siyo kila daraja au barabara ndogo itakupokea, na fundi lazima awe mtu wa mabasi, fundi wa kawaida atakupotezea muda.

Namba 2: dizeli ya injini nyuma, chasisi ya Spartan au Freightliner, lakini yenye tagi na mbele inayojitegemea

Spartan na Freightliner ni watengeneza chasisi. Nasisitiza hapo kwenye lakini manake kundi hili ni pana sana na watu wanadanganyika na jina la juu. Mbili zinaweza kufanana nje, moja ina ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinaunganisha tairi zote mbili, na haina tagi, nyingine ina vyote, na ukiziendesha siku moja utashangaa kama ni kampuni moja. Magari ya juu kabisa kama Newmar King Aire na Entegra Cornerstone yamejengwa miaka mingi juu ya Spartan K3, na hiyo ndo chasisi ningeitafuta hata ikiwa ya mkononi. Newmar wana pia usukani wenye msaada wa mota unaoitwa Comfort Drive, unasahihisha wenyewe barabara ikiinama au upepo ukisukuma, watu wenye mabega yanayosumbua usukani huu unawafaa sana.

Bodi hapa ni boksi juu ya chasisi. Kuta za sandwichi: fremu ya alumini, foamu katikati, faibagilasi nje, vimegundishwa kwa presha. Zikigundishwa vizuri ni nyepesi na ngumu, ila maji yakipenya kwenye kona ya dirisha gundi inaachia na ukuta unavimba, na ukuta ukishavimba kuutengeneza ni kazi kubwa kuliko unavyodhani. Zile sehemu zinazosogea nje kuongeza sebule ninazipenda kama mtu mwingine yeyote, ila kila moja ni tundu kubwa limekatwa ukutani, ni uzito umeongezeka na ni mpira wa kuzuia maji utakaozeeka. Nne kwenye gari moja kwangu ni nyingi.

Namba 3: za Ujerumani juu ya chasisi ya lori, Morelo na Concorde

Iveco Daily, MAN au Mercedes chini, boksi zito juu, na mara nyingi hakuna zile sehemu zinazosogea nje kwa hiyo ukuta umebaki mzima. Kwa ujenzi wa bodi peke yake ningeziweka juu ya namba 2: kuta nene, sakafu mbili na katikati yake matangi na mabomba yako kwenye joto hayagandi. Kinachozishusha ni saspensheni, manake lori ni lori, springi za chuma mbele zinakukumbusha kila kiungo cha daraja. Ukiagiza, omba maputo ya hewa mbele na nyuma, wakikwambia nyuma inatosha usikubali haraka kama chasisi inaruhusu. Iveco Daily ina nafuu kwa sababu mbele tayari kila tairi inajitegemea.

Namba 4: chasisi ya chini ya AL-KO nyuma ya kichwa cha Fiat Ducato

AL-KO ni kampuni inayotengeneza chasisi, na Ducato ni gari dogo la mizigo. Carthago na Niesmann + Bischoff Arto zimo humu. Ni nyepesi, sakafu iko chini, matairi ya nyuma yamepanuliwa, kwenye kona linashika vizuri kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Tatizo tairi za mbele ndo zinavuta, ukijaza mizigo nyuma kabisa pale gereji ya baiskeli, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unalegea na kwenye nyasi zenye maji tairi zinateleza tu.

Namba 5: petroli, Ford F-53

Tangu 2020 ina V8 ya lita 7.3, injini haina neno. Ila ni springi za chuma mbele na nyuma, ekseli nzima, na ukishawekewa boksi refu la kifahari juu linatingishika. Utaongeza shokapu za Koni au Bilstein, ba ya kuzuia kulala na ya kuzuia mkia kwenda pembeni, litabadilika kweli, lakini jiulize kwanza kama pesa hiyo isingekusogeza namba 2.

Sa ukienda kuliona. Chukua futi ya kupimia, pima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma inayosukuma afu gawa kwa urefu wa gari zima, ikiwa chini ya nusu mi naondoka, manake mkia mrefu ndo unaoyumba na ndo unaogonga nguzo ukikata kona. Mwombe muuzaji apandishe tairi moja ya mbele kwenye ukingo wa barabara kisha fungua milango yote ya mizigo na wa kuingilia, ikigoma kufunga bodi linapinda. Bonyeza ukuta chini ya kila dirisha kwa kiganja, ukisikia unarudi kama godoro usiendelee. Uliendeshe kwenye barabara kuu siyo kuzunguka yadi, subiri lori likupite, pima umerudisha usukani mara ngapi.

La mwisho ni hewa. Mwambie alizime jioni bila kushusha miguu ya kusimamia, urudi asubuhi kabla hajaliwasha, ukikuta limelala upande mmoja kuna puto au valvu inavuja. Urefu wa maputo upimwe na fundi kulingana na kitabu cha chasisi, manake yakiwa chini au juu kuliko inavyotakiwa hata Prevost itaendeshwa vibaya na watu watasema gari ni bovu. Na soma zile namba nne za DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, tairi za motohomu zinazeeka zimesimama, kashata (meno ya tairi) bado nzuri kabisa na ndani mpira umekwisha.