Kalamu ya leza ya miliwati 1 kwa kufundishia

Kalamu hii ya leza nyekundu, ya daraja la 2 katika ngazi za usalama wa leza na isiyozidi miliwati 1, nimeichagua kwa ajili ya darasani, na kwa kazi hiyo inatosha: nukta yake huonekana vyema ukutani mapazia yakifungwa, ingawa jua la adhuhuri likiingia dirishani hufifia. Anayetaka nukta kali zaidi asikimbilie nguvu kubwa, bali rangi ya kijani, kwa kuwa kijani chenye urefu wa wimbi wa nanomita 532 huonekana angavu mara kadhaa kuliko nyekundu ya 650 yenye nguvu ileile.

Katika daraja la 2, jicho hufumba lenyewe ndani ya takriban robo ya sekunde, na kwa kawaida hilo huikinga retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), mradi mtu asiukodolee mwanga kwa makusudi. Marekani huruhusu kalamu za kuonyeshea hadi miliwati 5. Kutoka hapo hadi 500 ni daraja la 3B, ambalo mwale wake ukiingia jichoni moja kwa moja huweza kuunguza retina kabla kope hazijafumba.

Kinachonitia shaka ni kalamu za kijani za bei ya chee zisizo na lebo. Nyingi huzalisha kijani kutokana na miale ya infraredi, na zikikosa kichujio miale hiyo huvuja. Jicho haliioni, kwa hiyo halijikingi. Hii yangu ina lebo ya njano karibu na kitufe, inayotaja daraja, nguvu na urefu wa wimbi kwa herufi zinazosomeka, na mwanga huzimika mara kidole kinapoondoka.