Roboti ya magurudumu mawili: seti poa, simulesheni yake hapana

Nimekaa wiki tatu na hii seti ya roboti ya magurudumu mawili, ile inasimama wima yenyewe kama zile Segway za Dean Kamen za 2001, nikaona niwaambie kabla mtu hajatoa pesa. Niliinunua duka moja hapa Kisumu mjini: mota mbili za njano za gia ya plastiki, senso ya MPU6050 ya kupima roboti imeinama kiasi gani, moduli ya L298N ya kupeleka umeme wa betri kwa mota, na programu ya simulesheni ya kuweka kwa laptopu. Kuifunga ni saa moja tu, hapo sina neno.

Shida ni simulesheni. Kwa skrini roboti imesimama tuli hata ukiisukuma, unaona raha, unachukua zile namba za PID, yaani zinazoamua roboti ijirekebishe kwa nguvu gani ikiinama, unaziweka kwa roboti yenyewe, unaiachilia mezani, puu! imelala kifudifudi. Kijana wangu akaanza kuhesabu, alifika kumi na saba akaenda kulala.

Ndio nikafungua programu nione mota wameiandika vipi. Kumbe yao haina uvivu, ukiipa amri ndogo inazunguka kidogo, ukiipa kubwa inasukuma kwa nguvu ileile hata kama tayari inakimbia. Mota ya ukweli ni punda wa mkokoteni pale soko la Kibuye, unamgusa hasongi, unamgusa hasongi, ukizidisha anaruka. Hii yangu, amri ya nguvu (PWM) ikiwa chini ya 55 kati ya 255, inanguruma tu. Tena ikishika kasi inazalisha volti yake inayopinga ya betri, nguvu inazidi kupungua. Na L298N nayo inakula fungu lake, nimepima na testa, betri volti 7.6, kwa mota zinafika 5.8.

Nikaandika hayo yote matatu ndani ya simulesheni, na roboti ya skrini ikaanguka vilevile kama ya mezani, nikacheka peke yangu usiku. Hapo sasa nikafanya programu iruke zile 55 za mwanzo, nikashusha P, ile namba ya kwanza ya PID, ikasimama. Inatetemeka kama mgonjwa wa malaria maana gia zimelegea, lakini imesimama.

Nilimrudia muuzaji akasema, "Mkubwa, wengine hawajalalamika." Haya. Seti naipa nyota tatu, simulesheni sifuri. Ukinunua, toa L298N uweke TB6612, moduli ya kazi ileile, haipotezi volti hivyo, na majaribio ya kwanza fanyia juu ya godoro, mimi gurudumu moja lishapasuka.