Kompyuta ya ofisini, gemu za leo: pesa yako ianzie wapi?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo mezani nina mashine ambayo najua wengi wenu mnayo, au mko mbioni kuinunua: Dell OptiPlex 7050, ule mnara wa ofisini unaouzwa ukiwa umeshatumika. Ndani kuna prosesa ya Core i5-6500, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8 kwa kijiti kimoja, hadidiski ya kuzunguka, na kadi ya grafiki haina. Kila wiki naulizwa swali lile lile: "Kaka, nimejichanga, nina laki tatu. Nibadilishe nini gemu zisikwame?"

Mimi sijibu mpaka na wewe uniambie: gemu gani, na inakwama vipi? Maana kukwama kuna aina zake. Kuna picha inayokwenda taratibu muda wote. Kuna inayokwenda vizuri halafu inaganda sekunde nzima ukifika mtaa mpya. Na kuna inayostukastuka adui wanapokuwa wengi. Hayo ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake.

Fikiria banda la chipsi. Mmoja anamenya na kukata viazi, mwingine yuko kwenye karai. Prosesa ndiye anayemenya: anapanga adui yuko wapi, risasi imekwenda wapi, nini kichorwe. Kadi ya grafiki ndiyo iliyo kwenye karai, inachora. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, kila sahani inatakiwa itoke ndani ya milisekunde 16.7. Kama anayemenya ni mzito, ukinunua karai kubwa kuliko lote mjini, litakaa tupu likisubiri viazi. Na wako wengi waliofanya hivyo, wametoa pesa nzuri kununua kadi na gemu ikabaki vile vile. Inaniuma, kwa sababu pesa hiyo mtu ameichanga miezi.

Kwa hiyo pima kwanza. Shusha programu inaitwa MSI Afterburner, ni ya bure, inakuwekea namba pembeni ya skrini wakati unacheza. Angalia kadi inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Ikiwa 95 kwenda juu muda wote, kadi ndiyo imezidiwa. Ikiwa 50 au 60 na gemu bado inasuasua, tazama prosesa. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri: usiangalie asilimia ya jumla, angalia kiini kimoja kimoja, yaani kila mfanyakazi aliye ndani ya prosesa. Hii i5-6500 ina viini vinne. Kiini kimoja kinaweza kuwa kimejaa kabisa huku jumla inasoma nusu, ukadhani prosesa imepumzika, kumbe gemu yote inasubiri kiini hicho kimoja.

Kuna na kipimo kisichohitaji programu yoyote. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 mpaka 1280 kwa 720. Hapo nukta za kuchora zinatoka milioni mbili na kidogo mpaka kama laki tisa na ishirini, yaani umempunguzia mchoraji zaidi ya nusu ya kazi. Fremu zikiruka juu, tatizo lilikuwa kadi. Zikibaki pale pale, ni prosesa. Jaribu hiyo kwenye Counter-Strike 2 halafu ujaribu kwenye Cyberpunk 2077, utaona mashine moja inakupa majibu tofauti kabisa.

Sasa turudi kwenye mnara wetu. Kama huna kadi, unatumia grafiki za ndani ya prosesa, Intel HD 530, ambazo hazina kumbukumbu yao wenyewe. Zinaazima RAM ya mashine. Kijiti kimoja cha RAM aina ya DDR4, cha kasi ya 2133, kinapitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Ukiweka viwili vinavyofanana, njia inakuwa mbili, GB 34. Ndiyo maana mtu anaongeza kijiti cha pili tu na gemu nyepesi zinabadilika mbele ya macho yake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba, kwa hiyo tafuta kijiti kilichotumika na ukijaribu hapo hapo dukani kabla hujalipa.

SSD, yaani diski isiyozunguka, haiongezi fremu. Nasema tena, haiongezi. Inaondoa ule ugonjwa wa pili, wa kuganda ukifika mtaa mpya, kwa sababu hadidiski inasoma megabaiti mia na kitu kwa sekunde wakati SSD ya SATA inakaribia 550. Gemu nyingine zimeshakata shauri: Cyberpunk 2077 tangu toleo la 2.0, mwaka 2023, inataka SSD hata kwenye mahitaji ya chini.

Haya, kadi. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabla ya kadi, fungua kasha usome pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme. Huu mnara una wati 240, na plagi zake si zile za kawaida za pini 24, kwa hiyo huwezi tu kununua nyingine dukani ukachomeka. Mtu anakuja na RX 580 kwa sababu ni ya bei nzuri na ina GB 8. Ile inakula wati 185 na inataka waya wa pini 8, ambao hapa haupo. Atakuambia kuna adapta ya kugeuza waya wa SATA, ule wa kupeleka umeme kwenye diski. Mimi niliitumia adapta hiyo miaka ya nyuma. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, kadi ikawa inavuta zaidi ya hapo. Nilisikia harufu, nikachomoa, plastiki ilikuwa imeshayeyuka. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Usiiweke nyumbani kwako.

Sloti yenyewe ya madabodi, ubao mkuu unaochomekwa kadi, inatoa mpaka wati 75, bila waya wowote. Tafuta kadi inayoishi humo. GTX 1650 ya 2019 ni mojawapo, GB 4, ila zipo zenye tundu la waya, hizo ziache. RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, ile barabara kati ya kadi na madabodi, na PCIe ya madabodi hii ni ya kizazi cha 3, hivyo inapoteza nguvu. Tena haina kifaa cha kurekodi video, kwa hiyo wewe unayetaka kurusha gemu zako mtandaoni haikufai. Mimi ningechukua RTX 3050 ya GB 6, ya 2024, wati 70. Sikia: ya GB 6. Ile ya GB 8 ina jina lile lile lakini inafika wati 130 na inataka waya. Mwambie muuzaji akuoneshe ubavu wa kadi, uone mwenyewe kwamba hakuna tundu. Na ukifika nyumbani ifungue kwa GPU-Z, programu ndogo ya bure, maana kuna kadi za zamani zilizobandikwa majina mapya, na GPU-Z huzitambua nyingi na kukuandikia kuwa ni feki.

Prosesa je? Hapa inakubali i7-6700 au 7700, nyuzi nane (kazi inazoshika kwa wakati mmoja) badala ya nne, na ule mstuko wa adui wengi unapungua. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 haifanyi kazi hata kama soketi zinafanana kwa macho. Lakini mimi siwashauri. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-6500 haipo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Pesa ya i7 ukiizika humu haitoki tena. RTX 3050 inahama. SSD inahama. Hata vijiti vya DDR4 vitahamia kwenye madabodi ya AM4, ya prosesa za AMD, siku utakapopata Ryzen 5 5600.

Kwa hiyo mdogo wangu wa laki tatu: puliza vumbi, badilisha dawa ya joto ya prosesa, cheza nusu saa ukiwa umewasha Afterburner. Halafu niandikie hapo chini jina la gemu, asilimia ya kadi, na asilimia ya kiini kilichojaa zaidi. Kiasi cha pesa tutakiongelea baada ya hapo.