Mkoba wa vifaa vya kisukari ulioshonwa Kibuye

Anayeishi na kisukari hapa Kisumu hatoki nyumbani mikono mitupu: kuna chupa ya insulini, sindano, kipima sukari na vijiti vyake, kadi ya kliniki, na kitu kitamu cha kumwokoa sukari inaposhuka. Mkoba ninaoueleza hapa ulishonwa na fundi wa soko la Kibuye kwa turubai nzito, una mkanda wa begani, nami niliununua kwa shilingi 1,800. Nimeutumia wakati wa jua kali na wakati wa mvua, hasa ninaposafiri kwa matatu kwenda Kakamega, na ninaupendekeza kwa dhati, ingawa bado una mambo ya kurekebishwa.

Ubora wake mkubwa ni kifuko cha ndani cha pamba, ambacho kimejazwa chembechembe zinazofura na kuwa rojorojo zikilowekwa kwenye maji kwa dakika chache. Maji hayo yanapogeuka mvuke polepole kupitia kitambaa huondoka na joto, kama ilivyo kwa mtungi wa udongo, na chupa iliyo ndani hubaki na ubaridi kuliko hewa ya nje. Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na aina nyingi zikishafunguliwa huweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na maelezo ya pakiti. Mchana wa Kisumu hufikia nyuzi 30 mara nyingi, na ndani ya matatu iliyoegeshwa juani ikingoja abiria joto hupanda zaidi ya hapo. Wapo wanaofunga chupa pamoja na barafu, jambo la hatari, kwa sababu insulini iliyoganda huwa imeharibika hata ikiyeyuka, na haifai kudungwa tena.

Hata hivyo, kifuko hicho hupoza tu kinapopata hewa. Mkoba wangu ulikuja na bitana ya nailoni iliyokizingira pande zote, unyevu ukabaki humo humo na upoaji ukawa hafifu, hasa miezi ya mvua ambapo hewa ya kandokando ya ziwa imejaa unyevu tayari. Nilipomrudishia fundi, aliikata nailoni ya upande wa nje, akashona wavu mahali pake bila kuniongezea gharama, na tofauti niliihisi kwa kugusa chupa. Anayeagiza mkoba huu aombe wavu huo tangu mwanzo.

Mpangilio wa mifuko umefikiriwa vyema. Vijiti vya kupimia, ambavyo huharibika vikipata unyevu na hivyo hupaswa kubaki ndani ya kopo lake lililofungwa, vina mfuko wa upande mwingine, mbali na kifuko chenye maji. Mfuko wa glukosi, yaani kile kitu kitamu cha kuokoa, uko nje, ni mwekundu, na hufungwa kwa velkro badala ya zipu. Hilo nalithamini sana, kwa sababu sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (kipimo kinachoonyeshwa na kipima sukari) mikono huanza kutetemeka, na mtu huhitaji kupata gramu 15 hivi za sukari, yaani kama vijiko vitatu vya chai, kisha ajipime tena baada ya dakika 15. Velkro hufunguka kwa mkono mmoja, na hata abiria wa kiti cha pili anaweza kuelekezwa penye ule mfuko mwekundu.

Kasoro iliyobaki ni sindano zilizotumika, ambazo hazikutengewa mahali popote, na turubai, pamoja na uzito wake, hutobolewa na ncha ya sindano. Kwa sasa mimi hubeba chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, ambayo huirudisha kliniki inapojaa, lakini inajaza sehemu ya kuwekea kipima sukari. Nimemwomba fundi aongeze upana wa vidole vinne chini ya mkoba ili chupa hiyo isimame wima, naye amekubali kuushona hivyo kwa wateja watakaouagiza.